Gudulia la Longquan: Ufundi Uliopotea Ukapatikana Katika Vigae

Longquan ni mji mdogo wa milimani, kusini-magharibi mwa jimbo la Zhejiang, katika China ya mashariki. Maana ya jina lake ni Chemchemi ya Joka. Katika eneo lake umesimama mlima Huangmaojian, wenye kimo cha mita 1,929, ambao ndio mrefu kuliko milima yote ya jimbo hilo. Maji yatokayo milimani hukusanyika bondeni na kuwa mto Ou, nao huteremka kuelekea mashariki hadi mji wa bandari wa Wenzhou, kwenye ufuko wa bahari.

Mabonde ya kulima mpunga ni membamba, lakini milima yenyewe ilijaliwa vitu vitatu. Kwanza, mawe yasagikayo yakawa udongo mweupe wa kaure. Pili, misitu ya misonobari itoayo kuni zenye mwali mrefu. Tatu, vijito vyenye nguvu ya kuendesha nyundo za kupondea mawe, na mto wa kuteremshia mizigo mpaka pwani. Kwa vitu hivyo vitatu watu wa Longquan walifanya kazi ya ufinyanzi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na jina la mji wao likavuka bahari zote za Asia hadi kufika pwani ya Afrika Mashariki.

Mgeni apandaye mpaka kijiji cha Dayao, kusini mwa mji, huona ushahidi wa kazi hiyo chini ya miguu yake. Katika kingo za mashamba na katika mitaro ya maji vimo vigae vya rangi ya kijani, vingine vikubwa kama kiganja, vingine vidogo kama ukucha. Ni mabaki ya vyombo vilivyopinda, vilivyopasuka au vilivyogandamana jokoni, vikatupwa na wenyewe karne nyingi zilizopita. Vigae hivyo vilidharauliwa kwa muda mrefu, lakini ilifika siku ambayo China yote ilivihitaji.

UMBO LISILO NA PAMBO

Katika makumbusho ya nchi mbalimbali, gudulia la Longquan la zama za wafalme wa Song ya Kusini, waliotawala tangu mwaka 1127 hadi 1279, hutambulikana kwa utulivu wake. Huenda jirani zake kabatini ni vyombo vilivyojaa majoka, ndege na maua ya kila rangi. Lenyewe mara nyingi halina picha wala maandishi. Lina mambo mawili tu, umbo na rangi. Aliyelifinyanga hakuwa na pa kujificha, kwani shingo iliyokwenda upande isingefunikwa na ua, wala doa la rangi lisingepotea ndani ya mchoro.

Umbo lililo mashuhuri kuliko mengine ni lile ambalo Wachina huliita gudulia la rungu la karatasi, na ambalo Wajapani huliita kinuta. Rungu la karatasi ni gogo fupi lenye mpini, ambalo watengenezaji wa karatasi walilitumia kupondea nyuzi za miti. Kinuta nacho ni chombo cha kupondea kitambaa ili kilainike na kung'aa. Mtu akilisimamisha rungu hilo mpini ukaelekea juu, atakuwa amelipata gudulia. Chini pana kiwiliwili cha mviringo, kipana na kifupi mithili ya pipa. Juu yake bega limelala karibu sawa na meza. Katikati ya bega shingo nyembamba imesimama wima kama mnara, na urefu wake hukaribia kulingana na ule wa kiwiliwili. Mwisho kabisa ni mdomo uliopanuka kama kisahani.

Baadhi ya magudulia hayo yalipachikwa vishikio viwili shingoni, vyenye sura ya ndege wa hadithi au ya samaki mwenye kichwa cha joka. Vishikio hivyo havikukusudiwa kushikwa. Kazi yake ni kulipumzisha jicho linapopanda kutoka begani kwenda mdomoni, ili shingo isionekane ndefu kupita kiasi.

Jambo la ajabu ni kwamba umbo hili, ambalo leo huhesabiwa kuwa la Kichina halisi, asili yake ni ya mbali. Wataalamu wengi wanaafikiana kwamba lilitokana na chupa za kioo zilizotengenezwa katika nchi za Kiislamu za magharibi ya Asia, hasa Uajemi. Kaskazini mwa China, katika kaburi la binti wa kifalme wa Chen aliyezikwa mwaka 1018, wachimbaji walikuta vyombo vya kioo vilivyotoka huko. Chupa za namna hiyo zilikuwa zawadi za thamani kwa wafalme. Wafinyanzi wa China walizitazama, wakaupenda wima wa shingo na ulalo wa bega, wakaviiga kwa udongo. Kwa hiyo kabla gudulia la Longquan halijaanza safari yake kwenda magharibi, umbo lake lilikwisha kuja kutoka magharibi.

Umbo jingine lilitokana na historia ya jimbo lenyewe. Ni gudulia la pembe nne lenye shingo fupi ya mviringo, lililoigwa kutoka kwa vyombo viitwavyo cong, vilivyochongwa kwa jiwe la thamani la jedi. Watu wa utamaduni wa Liangzhu, walioishi Zhejiang zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, waliyazika mawe hayo pamoja na wakubwa wao. Jedi kwa Wachina ni zaidi ya kito. Ni mfano wa tabia njema, kwa kuwa ni gumu lakini mguso wake ni laini, na nuru yake haimchomi mtu machoni. Mfinyanzi wa Longquan alitaka udongo wake ufanane na jiwe hilo, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya utando.

UTANDO WA KIOO

Kila chombo cha kaure huvikwa utando mwembamba wa kioo, ambao hukizuia kunywa maji na kukifanya king'ae. Utando huo hutengenezwa kwa mawe yaliyosagwa, chokaa na majivu, vitu ambavyo huchanganywa na maji vikawa kama uji. Chombo huchovywa katika uji huo, au humiminiwa, kisha hutiwa motoni. Joto likizidi, uji huyeyuka ukawa kioo.

Wafinyanzi wa mwanzo wa Longquan walitumia chokaa nyingi. Utando wao uliyeyuka upesi na kutiririka, ukabaki mwembamba na wenye kung'aa kama maji, hata udongo ulionekana chini yake. Ndiyo maana walichora maua na mistari kwenye udongo ili chombo kipate sura. Katika zama za Song ya Kusini mambo yalibadilika. Mafundi walipunguza chokaa na kuzidisha mawe yenye chumvi za potasiamu. Uji wa namna hiyo ukiyeyuka huwa mzito kama asali, nao hung'ang'ania mahali ulipo. Basi wakaweza kuupaka kwa unene.

Kazi hiyo ilitaka subira kubwa. Chombo kilikaushwa, kikachomwa kwa moto mdogo ili kiwe kigumu kidogo, kisha kikachovywa. Kikaachwa kikauke, kikachovywa tena, na tena. Vingine vilirudishwa kwenye moto mdogo kati ya tabaka moja na jingine. Mwisho wake, katika baadhi ya vyombo vilivyo bora, utando ulikuwa mnene kuliko udongo uliovikwa.

Unene huo ndio siri ya ule ulaini unaofanana na jedi. Ndani ya utando mmebaki mapovu madogo yasiyohesabika na chembe za mawe ambazo hazikuyeyuka. Nuru inapoingia haipiti moja kwa moja kama katika dirisha, wala hairudi kwa ukali kama katika kioo cha kujitazamia. Hugonga povu, ikageuka. Hugonga chembe, ikageuka tena. Na inapotoka imekwisha kutawanyika. Jicho huona rangi iliyo ndani, si iliyopakwa juu.

Hapa pia huonekana sababu ya mafundi kuchagua maumbo yasiyo na pambo. Utando mzito ungefukia mchoro wowote mwembamba. Lakini kwenye ukingo wa bega na wa mdomo, utando huteremka kidogo ukawa mwembamba, na mstari mweupe wa udongo hung'aa kama alfajiri. Mahali shingo ilipokutana na bega, utando hukusanyika, na kijani kikazidi kukolea. Kwa hiyo umbo lenyewe ndilo linalochora, kwa kuuamrisha utando mahali pa kuwa mnene na mahali pa kuwa mwembamba. Fundi aliyeelewa jambo hilo hakuhitaji kalamu.

Utando ukipoa hunywea. Iwapo unanywea kuliko udongo ulio chini yake, hupasuka-pasuka ukafanya nyufa nyembamba kama wavu. Watu wa Longquan wana hadithi ya ndugu wawili wa ukoo wa Zhang, kila mmoja na joko lake. Vyombo vya kaka vilikuwa vya udongo mweusi na vyenye nyufa, na vya mdogo wake vilikuwa vyeupe ndani na laini bila ufa. Hadithi hiyo ndiyo iliyowapa Wachina majina ya aina mbili za kaure, ya Kaka na ya Mdogo. Nyufa, ambazo kwa fundi mwingine zingekuwa aibu, kwa wapenzi wa kaure ya Kaka zikawa ndizo uzuri wenyewe.

MOTO ULIONYIMWA HEWA

Rangi ya kijani haitokani na rangi yoyote iliyotiwa. Hutoka katika chuma kidogo kilichomo katika mawe yenyewe, kiasi cha sehemu moja hadi tatu katika mia. Chuma kikipata hewa nyingi motoni hutoa manjano au hudhurungi, kama kutu. Moto ukinyimwa hewa, hutafuta oksijeni penginepo, ukaipokonya ile iliyoshikamana na chuma. Hapo chuma hugeuka, na utando ukawa wa kijani au wa samawati.

Joko la Longquan huitwa joko la joka, kwa sababu limelala mlimani kama nyoka mrefu. Ni handaki la matofali lililojengwa kwa kufuata mteremko, na baadhi yalizidi urefu wa mita 50. Mdomo wa moto uko chini. Kuta za ubavuni zina matundu, ambamo wachochezi hutupia kuni hatua kwa hatua kadiri moto unavyopanda. Vyombo huwekwa ndani ya vikasha vya udongo mgumu ili majivu na mwali visiviguse, na vikasha hupangwa kimoja juu ya kingine mpaka joko lijae.

Fundi wa moto wa zamani hakuwa na kipimo chochote. Joto lilipaswa kupita nyuzi 1,200, naye alilijua kwa kutazama rangi ya mwali kupitia tundu dogo. Akiukosa wakati wa kuziba hewa, kazi ya miezi mingi iligeuka kuwa ya manjano. Akizidisha joto, magudulia yaliinama kama mishumaa juani. Na hata alipofanya kila kitu sawa, chombo kilichokaa karibu na mlango hakikulingana na kilichokaa juu mlimani. Joko moja lilitoa kijani cha aina nyingi, na mbili kati ya hizo zilisifiwa kupita zote. Ya kwanza ni fenqing, kijani chenye weupe wa poda kinachokaribia samawati ya mbingu baada ya mvua. Ya pili ni meiziqing, kijani kilichokolea cha tunda bichi la plamu.

SAFARI ZA BAHARINI

Biashara ya vyombo hivyo ilisaidiwa na sera ya serikali. Mwaka 1219 utawala wa Song, ukiona sarafu zake zinavuja kwenda nchi za nje, uliagiza kwamba bidhaa za kigeni zilipwe kwa hariri na kaure badala ya fedha. Magudulia, sahani na bakuli za Longquan ziliteremshwa mtoni hadi Wenzhou, au zikapelekwa bandari za Mingzhou na Quanzhou, zikapakiwa jahazini.

Wingi wa shehena hizo ulidhihirika mwaka 1975, pale nyavu za mvuvi zilipopandisha vyombo vya kaure katika bahari ya Sinan, kusini-magharibi mwa Korea. Wapiga mbizi walifanya kazi hapo kwa miaka kadhaa. Walikuta jahazi lililozama likielekea Japani, na vibao vya mizigo vikiwa na tarehe ya mwaka 1323. Zaidi ya vyombo 20,000 vya kaure vilitolewa, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya kijani, vingi vikiwa vya Longquan. Miongoni mwake yamo magudulia ya rungu ambayo hayakupata hata mkwaruzo.

Njia za magharibi zilifika mbali zaidi. Katika jumba la kifalme la Topkapı, mjini Istanbul, imehifadhiwa hazina ya vyombo vya kijani visivyopungua 1,300. Wakubwa wengi wa nchi za Kiislamu waliamini kwamba sahani ya namna hiyo ikitiwa chakula chenye sumu hupasuka au hubadilika rangi. Hakuna sahani yenye uwezo huo, lakini imani hiyo yaonyesha jinsi vyombo vya Longquan vilivyotukuzwa.

Pwani ya Waswahili nayo imo katika habari hiyo. Vigae vya Longquan vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani, na katika mji wa kale wa Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza uchimbaji mwaka 1948. Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking walianza kuchimba Mambrui, wakapata vigae hivyo pamoja na sarafu ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. Katika pwani hiyo kaure haikuwa ya mezani peke yake. Bakuli na sahani za China zilipachikwa katika kuta za nyumba na misikiti na katika nguzo za makaburi, kama ionekanavyo Kunduchi karibu na Dar es Salaam.

BAKULI LILILORUDISHWA NA VIKWASI

Mji uliopeleka vyombo vyake mbali kiasi hicho haukujua kwamba ufundi wake ungekufa. Anguko lilikuja polepole. Katika zama za Yuan na Ming soko lilidai vyombo vikubwa na vingi, na subira ya kuchovya tabaka juu ya tabaka ikapungua. Wakati huohuo mji wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, ulikuwa umeuteka ulimwengu kwa kaure nyeupe iliyochorwa kwa buluu. Serikali ya Ming nayo ilizuia biashara ya watu binafsi baharini. Majoko ya Longquan yalizimika moja baada ya jingine, na yaliyobaki yalitoa vyombo vizito, vya rangi iliyofifia.

Kipo chombo kimoja kinachoieleza hasara hiyo kuliko maneno. Ni bakuli la Longquan, la kijani chepesi, lenye mdomo uliokatwa mithili ya ua la petali sita, nalo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kwa mujibu wa habari iliyoandikwa Japani mwaka 1727, bakuli hilo lilikuwa mali ya Ashikaga Yoshimasa, mtawala wa kijeshi wa Japani katika karne ya 15. Lilipopata ufa, alilipeleka China na kuomba apewe jingine lililo sawa nalo. Jibu la Wachina lilikuwa kwamba chombo kama hicho hakipatikani tena katika nchi yao. Walilishona ufa kwa vikwasi vya chuma, wakalirudisha kwa mwenyewe.

Wajapani hawakuviona vikwasi hivyo kuwa ni kovu. Walivilinganisha na mdudu aliyetua juu ya bakuli, wakalipa jina la Bakohan kwa sababu hiyo, na bakuli lililopasuka likathaminiwa kuliko lilipokuwa zima. Lakini kwa watu wa Longquan maana ya habari hiyo ni chungu. Karne mbili tu baada ya ufundi wao kufikia kilele, nchi nzima ilikosa mtu wa kuutenda.

Sababu haikuwa ukosefu wa mawe wala wa kuni, kwani milima ilikuwa palepale. Kilichopotea ni ujuzi. Mizani ya mawe na majivu, idadi ya kuchovya, na rangi ya mwali wakati wa kuziba hewa, vyote vilikuwa vichwani mwa mafundi, kila ukoo ukificha vyake. Joko lilipozimwa na mzee akafa, hapakuwa na kitabu cha kufungua.

KUJIFUNZA KUTOKA KWA VIGAE

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, wafanyabiashara walianza kufika Longquan kununua vyombo vilivyofukuliwa makaburini. Wafinyanzi wachache wa vijijini, hasa Baoxi, wakajaribu kuviiga. Mwaka 1928 alifika Chen Wanli, daktari ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa kaure. Hakuridhika kusoma vitabu na kutazama makabati. Alitembea milimani kutoka joko hadi joko, akiokota vigae na kuandika mahali kila kimoja kilipotoka, na safari hiyo aliirudia mara nyingi.

Mwaka 1957 Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Watu wa China, Zhou Enlai, aliagiza majoko mashuhuri ya kale yafufuliwe, na Longquan ikawa miongoni mwa ya kwanza. Kiwanda cha dola kikaanzishwa. Wazee wa vijijini waliojua kuiga vyombo vya kale walikusanywa, wakakabidhiwa vijana wa kuwafundisha. Wanasayansi wa Shanghai na wa Zhejiang walivikata vigae vya Dayao, wakavitazama kwa hadubini na kupima chuma, chokaa na potasiamu iliyomo. Walichofichwa na koo za zamani, walikisoma ndani ya utando uliovunjika. Baada ya majaribio mengi yaliyoharibika, kijani cha fenqing na cha meiziqing vilitoka tena jokoni.

Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa kuchoma kaure ya kijani ya Longquan katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kiwanda cha dola kilikwisha kufungwa kabla ya hapo, na majengo yake katika kitongoji cha Shangyang yamekuwa mahali pa maonyesho na karakana. Wafinyanzi wengi sasa huchoma kwa gesi, kwa kuwa moto wake hupimika na hasara yake ni ndogo. Hata hivyo majoko ya joka ya Baoxi huwashwa mara kwa mara, wenyeji wakitupia kuni usiku na mchana. Wapo wasemao kwamba huo ni mchezo wa kuwafurahisha wageni. Lakini uwezo wa kusoma rangi ya mwali hauwezi kuhifadhiwa kabatini. Huhifadhiwa na mtu anayeutumia, tena akiwa na kijana kando yake.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Msomaji mwenye chombo cha kaure cha kale, awe amekirithi au amekinunua, hana budi kukumbuka mambo machache. Gudulia hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine ubavuni, wala halishikwi shingoni au kwenye vishikio, kwani hivyo viliungwa baadaye na ndivyo vivunjikavyo kwanza. Huoshwa kwa maji vuguvugu na kitambaa laini, nalo halitiwi maji ya moto ghafla, maana utando na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja. Nyufa nyembamba za utando zisisuguliwe kwa mchanga wala dawa kali. Likivunjika, vipande vyote vikusanywe, hata vilivyo vidogo, kwa sababu fundi hodari aweza kuviunga.

Anayetaka kukinunua na ajihadhari. Rangi huigwa kwa urahisi, umbo huigwa kwa shida. Ukingo wa kitako, mahali ambapo udongo haukuvikwa utando, hufaa kutazamwa kwanza. Katika vyombo vingi vya Longquan mahali hapo paliungua pakawa pekundu kama tofali, kwa sababu ya chuma kilichomo. Lakini waigaji nao wanaijua alama hiyo, kwa hiyo peke yake haitoshi.

Vigae vilivyomo ardhini vina hukumu yake. Makaburi mengi ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki sasa yana matundu matupu katika nguzo zake, kwa kuwa bakuli zake zimeng'olewa na watu waliotafuta fedha au kumbukumbu. Kigae kilichoondolewa mahali pake ni kipande kizuri tu cha udongo. Kigae kilichobaki mahali pake humwambia mtaalamu nani aliishi hapo, lini, na alifanya biashara na nani. Longquan iliokolewa kwa sababu takataka za Dayao zilibaki zilipotupwa. Kwa hiyo mkulima anayekiona kigae cha kijani shambani, au mtoto anayekiona ufukoni maji yakipwa, akiache hapo kilipo na kuipasha habari ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu.